Panya wa Tangi la Sita

Mtu wa kwanza kutaja panya alikuwa Mfupi. Alimtaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi.

"Bosi, samahani. Kuna panya humu."

Bosi akainama haraka, akachungulia chini ya meza. "Wapi?"

"Siyo huko." Mfupi akainyanyua bilauri yake. "Humu."

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, katika maabara ya kiwanda kidogo cha mvinyo. Maabara yenyewe ilikuwa kama jiko la nyumbani: sinki mbili, meza ndefu ya vigae vyeupe, rafu ya chupa za dawa, na dirisha lililotazama uani, ambako matangi manane ya chuma yalisimama kwa safu. Mfupi ndiye aliyeyatunza matangi hayo, kuyaosha na kuhamisha mvinyo kwa pampu. Alikuwa mrefu kiasi kwamba hakuna mlango wa kiwanda aliopita bila kuinamisha kichwa, na jina lake alipewa kwa mzaha siku ya kwanza ya kazi, likamganda.

Mwenye maabara alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne. Wenzake walimwita Matone kwa sababu kila walipochungulia mlangoni walimkuta anahesabu matone: tone la dawa kwenye mvinyo, tone jingine, jingine tena, mpaka rangi igeuke. Kwa hesabu hiyo alijua uchachu wa mvinyo ni kiasi gani. Bosi aliyekuwa akitafuta panya chini ya meza alikuwa mume wa dada yake, kwa hiyo Matone alimwita Shemeji, naye alimwita hivyo hivyo. Kiwanda kilikuwa cha Shemeji. Yeye ndiye aliyeamua zabibu zivunwe lini, zikamuliwe vipi, na chachu ifanye kazi yake kwa siku ngapi.

Tangi la sita lilikuwa roho yake. Miaka yote alikuwa akitia salfa kidogo kwenye matangi yote, kama wafanyavyo wengi, ili kuua bakteria na kuzuia hewa isiuharibu. Mwaka huu alisema hapana. Tangi la sita lisiguswe na dawa yoyote. Alitaka zabibu zijitetee zenyewe. Na mwenye hoteli mmoja mjini, aliposikia habari hizo, alikuwa ameliomba tangi zima. Kujaza chupa kungeanza Alhamisi, mara Matone atakapotia saini kwenye fomu ya vipimo.

"Mfupi," Shemeji alisema, "umekula nini asubuhi?"

"Mkate tu, bosi."

"Basi panya yuko kwenye mkate." Akacheka, akaizungusha bilauri yake, akanusa, akapiga funda, akatema kwenye ndoo. Akafumba macho. "Sharubati ya zambarau. Karafuu kidogo. Ngozi mpya ya kiatu. Huu mvinyo ni kitu kingine kabisa! Shemeji, hebu na wewe."

Matone akaonja. Ladha ilijaa mdomoni, nzito na safi, akatema.

"Usiseme kitu kwanza," Mfupi alimwambia. "Subiri. Huyu anachelewa."

Akasubiri. Alihesabu moyoni mpaka ishirini, Mfupi akimkodolea macho kama mzazi aliyesimama nje ya chumba cha mtihani. Utamu ukapungua, ukabaki uchachu mwembamba kwenye ulimi, kisha hakuna kitu.

"Simsikii," akasema.

"Sasa tuendelee na kazi," Shemeji akasema.

Hapo ndipo dada yake Matone alipoingia. Yeye alishika ofisi: simu, oda, barua, na kumkumbusha mumewe ale. Alileta karatasi za lebo zikaguliwe. Hakuna aliyemwambia habari za panya. Shemeji alimpa bilauri, naye akaonja akiwa bado anasoma karatasi, akatema, akasema "Mzuri huu," akaanza kutoka. Alifika mlangoni akasimama. Akarudi polepole, akaenda moja kwa moja kwenye sinki, akafungulia maji na kusukutua mdomo mara tatu.

"Nani kafuga panya kwenye huu mvinyo?" akauliza.

Mfupi alitazama dari, ambayo kwake haikuwa mbali.

"Mmepanga," Shemeji akasema.

"Kupanga nini?"

"Bosi, mimi na mama tukae chini tupange panya?" Mfupi akasema. "Kweli?"

Matone aliishika fomu yake, akaisoma kuanzia juu. Kilevi, sawa. Uchachu, sawa. Sukari imekwisha yote, chachu imeila. Ule uchachu mbaya wa siki, mdogo kuliko hata mwaka jana. Kwa karatasi ile, tangi la sita lilikuwa mvinyo safi kuliko yote iliyowahi kupita mikononi mwake. Akamtazama dada yake anayejifuta midomo, akamtazama Mfupi, akatazama tena karatasi. Akili yake haikuweza kuviweka vitu hivyo vitatu mahali pamoja.

Jambo la kwanza walilofanya ni lile ambalo mtu yeyote angelifanya: walimtafuta panya mwenyewe. Mfupi alipanda ngazi, akafungua mfuniko, akamulika tochi. Mvinyo ulilala kimya, mweusi, unameta. Wakafungua bomba la chini na kukagua chujio. Wakakagua mipira ya kupitishia mvinyo, mmoja baada ya mwingine, na pampu, na stoo ya vizibo. Hawakuona kinyesi wala unyoya. Waliambulia kifungo kimoja cha shati ndani ya chujio la pampu, ambacho Mfupi alikitazama kidogo na kukitia mfukoni bila maelezo.

"Nimewaambia," Shemeji alisema akiwa amesimama katikati ya ua, mikono kiunoni. "Kiwanda changu ni kisafi kuliko meza za kulia chakula za watu wengine."

"Hilo hakuna anayebisha," Matone akajibu.

"Basi mnabisha nini?"

Matone alirudi maabara na kufanya kile alichokijua, yaani kupima. Alipanga vikombe vitatu mezani, viwili vyenye mvinyo wa tangi la tatu na kimoja cha tangi la sita, akaandika alama chini ya kila kikombe kwa kalamu ya wino. Akamwita Mfupi, akamgeuzia mgongo, akavichanganya, akamwambia amtafutie panya kwa pua. Walirudia mara kumi. Mfupi alipata tatu. Matone akapumua, kumbe mtu huyu anabahatisha tu. Kisha akamwambia afanye hivyo hivyo kwa mdomo, aonje na kutema na kusubiri. Mfupi alipata tisa kati ya kumi, na ile moja aliyokosa alisema ni kwa sababu panya wa mara iliyotangulia alikuwa hajaondoka.

"Lakini ni harufu au ni ladha?" Matone akamuuliza.

"Ni harufu."

"Sasa kama ni harufu, mbona pua yako haimsikii?"

Mfupi alijikuna kichwa. "Mtaalamu, hilo ndilo nilidhani wewe utanieleza. Mdomo wangu haukusoma, lakini panya unamjua."

Alipoondoka, Matone alijifungia. Akaonja tangi la sita mara tatu, mara nne, mara tano. Zambarau. Karafuu. Ngozi ya kiatu. Akaanza kujishuku. Akafungua chupa ya siki na kuinusa, ikampiga. Akanusa sabuni, akanusa dawa ya kuoshea matangi, akavua kiatu na kukinusa, akasikitika. Pua ilikuwa nzima. Kila harufu duniani ilimfikia isipokuwa hiyo moja, na hiyo moja watu wawili waliisikia wazi mpaka wakakunja uso. Alihisi kama amekaa na watu wanaocheka kichekesho ambacho yeye hakukisikia, na kila akiwauliza ni nini, wanamwambia, si hicho hapo.

Jumatano asubuhi mambo yakaharibika zaidi. Shemeji aliingia maabara amemshika mkewe mkono.

"Onja," akamwambia. "Mbele ya mdogo wako. Asije akasema nimekulazimisha."

Dada akaonja, akatema. Wote watatu wakasubiri. Uso wa Dada ulibaki vilevile, kisha ukaanza kuonyesha mshangao.

"Leo hana," akasema.

"Hana nani?"

"Panya. Leo simsikii."

Shemeji akapiga makofi mara moja, kofi kubwa. "Shemeji, andika! Jana alikuwa amechoka. Andika, utie saini, tujaze chupa kesho." Akatoka uani akipiga mluzi.

Matone alimfuata dada yake kwenye korido, akamshika bega.

"Dada, niambie ukweli. Umemwonea huruma?"

"Mimi?"

"Jana ulisukutua mdomo mara tatu. Leo unasema hana. Mvinyo ni ule ule, nimeuchota mwenyewe."

Dada yake akageuka, macho yamemtoka. "Mdogo wangu, unataka nikuapie? Jana alikuwemo. Leo hayumo. Jana jioni mume wangu amekula bila kunitazama usoni, ni kweli, na ningefurahi kumfurahisha. Lakini mdomo wangu siwezi kuuambia useme uongo. Hata mimi sielewi. Usinifanye mtuhumiwa."

Akaingia ofisini kwake na kufunga mlango, siyo kwa nguvu, ila kwa namna ambayo Matone angependelea aupige kwa nguvu. Kilichobaki kwenye korido ni harufu ya maganda ya machungwa, kwani Dada alikuwa amekula mawili asubuhi ile mezani kwake.

Matone alisimama pale muda mrefu. Aliyekuwa akimsikia hakuwa akimsikia tena. Asiyemsikia, yaani yeye, alianza kumwamini. Vipimo vilisema jambo moja, na Mfupi aliyepata tisa kati ya kumi alisema jingine. Kichwa kikamzunguka kama mtu aliyeshuka kwenye pembea. Mwisho akafanya kile alichoona aibu kukifanya tangu jana: alimpigia simu mwalimu wake wa chuo, mama mmoja aliyestaafu, ambaye hawakuwa wamesemezana kwa miaka mitano.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Paza sauti, mwanangu, sikio langu limestaafu kabla yangu."

Matone akapaza sauti. Alieleza yote: salfa iliyokataliwa, Mfupi na vikombe, dada yake na sinki, jana na leo. Alipofika kwenye neno panya, upande wa pili kukatokea kicheko kikavu.

"Panya! Kumbe bado yupo. Sikiliza. Siyo mnyama. Ni kitu kinachotengenezwa na bakteria, au chachu ya porini, kwenye mvinyo usio na salfa ukipata hewa. Sasa mvinyo ni mchachu, sivyo? Ndani ya uchachu ule, harufu ile imefungwa. Haipandi puani hata uinuse mchana kutwa. Ukiuonja, mate yako yanaupunguza uchachu, basi harufu inafunguka. Ndiyo maana anachelewa."

"Na mimi? Mbona mimi simsikii?"

"Mate ya watu hayafanani. Pua nazo hazifanani. Katika kila watu kumi, watatu hivi hawamsikii kabisa, na wataalamu bado wanabishana ni kwa nini. Hata anayemsikia, akila kitu kichachu kabla, ndimu au chungwa, anaweza asimsikie."

Matone akafumba macho. Machungwa.

"Nimpime kwa mashine gani, Mwalimu?"

"Mashine ya kumpima huna, na sidhani kama utaipata. Chukua ule unga wa magadi wa kuokea keki. Tia kidogo kwenye bilauri. Magadi yataua uchachu, na harufu itapanda yenyewe. Halafu uwape watu wanuse."

"Anavyonuka hasa ni vipi? Ili nijue."

"Sijui," Mwalimu akasema. "Nimemfundisha kwa miaka ishirini na sita, lakini sijawahi kukutana naye."

Matone alicheka. Kisha, baada ya kukata simu, akagundua kwamba hakuwa amecheka kwa furaha.

Saa tisa alasiri aliwakusanya wote watatu maabara. Alikuwa amemwomba Dada asile kitu tangu mchana, akamwambia ni kwa nini, na Dada akamsamehe kwa kumpiga kikofi begani. Matone akamimina mvinyo kwenye bilauri nne na kuinyunyizia kila moja unga wa magadi. Mvinyo ukatoa povu, na wekundu wake ukafa mbele ya macho yao. Ukawa wa rangi ya zambarau, kisha wa samawati chafu, kama wino uliomwagikiwa na maji.

"Umeuua," Shemeji akanong'ona.

"Nuseni tu. Msionje."

Shemeji alinusa. "Sabuni," akasema. "Nasikia sabuni."

Matone alinusa. Alisikia kitu kama maji ya kufulia.

Mfupi hakufikisha hata bilauri puani. Alirudi nyuma kwa kasi, akagonga taa kwa kichwa, taa ikaanza kuyumba. Dada alinusa mara moja, akaziba pua kwa mkono wa blauzi na kuiweka bilauri mezani, mbali naye, kwa vidole viwili.

"Huyo," akasema. "Huyo huyo wa jana."

Shemeji alitazama nyuso zao moja moja. Alipofika kwa Matone, sauti yake ilikuwa imepungua. "Na wewe?"

"Simsikii, shemeji."

"Basi tuko wawili kwa wawili."

"Hii siyo kura."

Shemeji alichukua tena bilauri yake, akaingiza pua nzima ndani, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Povu likamwachia alama nyeupe puani. Hakuna aliyecheka. Mtu ambaye kwa miaka ishirini alikuwa ameendesha maisha yake kwa pua alikuwa amesimama mbele ya watu wanaokitaja kitu kilicho mkononi mwake, naye hakioni.

"Mivinyo yangu yote ya nyuma," akasema. "Nitajuaje?"

Hapo Dada akasema, taratibu, "Siyo mara ya kwanza."

Kila mtu akamgeukia.

"Lile pipa dogo la majaribio, lisilo na salfa, ulilolileta nyumbani mwaka juzi, siku ya mahafali ya mwanetu. Nilikunywa bilauri moja nikakuambia mvinyo huu una kitu kama kizimba cha panya. Ukaniambia mdomo wangu ndio mbaya. Ukasema niende nikaangaliwe meno."

"Nilikuwa natania."

"Mimi nilikwenda. Daktari wa meno aliniambia hakuna tatizo, nikamng'ang'ania. Nikamwonyesha jino, nikamwambia ni hili, harufu inatoka hapa. Akaling'oa." Alivuta shavu kwa kidole, akawaonyesha pengo nyuma kabisa. "Lilitoka jino jeupe, halina hata tundu. Miaka miwili nimeishi najua mdomo wangu unanisingizia vitu."

Shemeji aliweka bilauri mezani polepole sana, kana kwamba ingevunjika kwa kuwekwa tu. Kisha akatoka uani, akakaa juu ya kreti iliyopinduliwa, akashika tama mbele ya tangi la sita. Matone alimtazama kupitia dirishani. Hakujua amwonee huruma yeye au amwonee dada yake, ambaye alibaki amesimama kando ya sinki, mkono bado shavuni, anaonekana mwepesi na mwenye hasira kwa wakati mmoja.

Alhamisi asubuhi Shemeji alifika mapema, macho mekundu. Alikuta fomu mezani.

"Sioni saini yako."

"Namba zote nimejaza," Matone akasema.

"Ni nzuri?"

"Nzuri sana."

"Na wewe umeuonja, ni mzuri?"

"Mzuri kuliko mivinyo yote niliyowahi kuonja hapa."

"Sasa unakataa nini?"

Matone aliisukuma kalamu kando. "Sijui, shemeji. Nakataa kitu ambacho mimi mwenyewe sikijui. Wamenieleza tu." Alipojisikia akisema hivyo, maneno yalikuwa ya kipumbavu, na bado hakushika kalamu.

Shemeji hakumlazimisha. Alikuwa bado ameishikilia fomu ile wakati gari la mwenye hoteli lilipoingia getini.

Mwenye hoteli alikuwa mtu wa haraka, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Alitaka kuonja kabla mashine haijawashwa. Mfupi alichota, akampa. Mwenye hoteli akaonja, akatema, akafumba macho. Matone alianza kuhesabu. Tano. Kumi. Dada alisimama mlangoni pa ofisi amekumbatia jalada la karatasi. Kumi na tano. Ishirini. Ishirini na tano.

"Huu!" mwenye hoteli akasema kwa nguvu. "Huu ndio niliokuwa nautafuta! Umeufanyaje?"

Naye hakumsikia. Yaani hata hapo, mbele ya mtu mwenyewe anayeutaka, mvinyo ulikuwa mzuri. Kama Shemeji angenyamaza tu, tangi lingeondoka, na pengine wageni saba kati ya kumi wa hoteli ile wangeweka bilauri chini na kujiuliza midomo yao ina nini. Au labda wangekuwa watano. Au wangekula ndimu kwanza wasijue lolote. Hakuna mtu pale uani ambaye angeweza kusema.

Mfupi alitazama ardhi. Shemeji alimtazama mke wake, akamtazama kwa muda mrefu kuliko adabu ya biashara inavyoruhusu.

"Mimi siusikii ubaya wowote," akamwambia mwenye hoteli. "Wewe nawe huusikii. Lakini mke wangu anasikia panya humu, na ninamwamini."

Mwenye hoteli akacheka. Alipoona hakuna anayecheka naye, akanyamaza.

"Panya gani?"

Wakamweleza. Matone alieleza habari za mate na magadi, Mfupi akaeleza habari za vikombe, Shemeji akaeleza salfa. Kadiri walivyoeleza, ndivyo mtu yule alivyozidi kupotea. Aliivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Subiri. Ni mzuri au ni mbaya?"

"Ni mzuri," Shemeji akasema, "kwako."

"Sasa mimi ndiye ninunuaye!"

"Wewe ndiye ununuaye. Wanywaji ni wengine."

Mwenye hoteli aliangalia matangi yote manane, kama mtu aliyeingia nyumba yenye wagonjwa. Mwisho alisema angechukua la tatu badala yake, lile la kawaida lenye salfa. Kabla ya kulionja aliishika bilauri juu kwenye mwanga, akauliza, "Na hili lina nini, paka?"

Walijaza chupa za tangi la tatu siku nzima. Mashine iligonga, vizibo vikazama.

Tangi la sita lilitiwa salfa baada ya yote, likafungwa lisipate hewa, likaachwa. Mwalimu alikuwa amesema kwamba wakati mwingine panya hupungua kwa muda, na wakati mwingine hapungui, na hakujua ni kwa nini. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, Dada na Mfupi walikaa meza ya maabara, hawajala kitu kichachu tangu jana yake, wakaonja. Mwezi wa pili Mfupi alisema amepungua, Dada akasema ameongezeka. Mwezi wa tatu ikawa kinyume. Mwezi wa nne Dada alisema amekwisha, Mfupi akasema yupo ila amelala. Nusu ya mvinyo iliuzwa kwa watu wenye mtambo wa kuchemsha mvinyo na kuufanya pombe kali. Nusu iliyobaki Shemeji hakukubali kuiuza wala kuimwaga.

Tangu hapo hakuna tangi lililofungwa mpaka Dada aonje. Alianza kazi hiyo akiona haya, anashika bilauri kwa mikono miwili. Kufikia mavuno yaliyofuata alikuwa anawaita watu kwa mluzi na kumwambia Mfupi asimpulizie shingoni.

Siku moja, mwezi wa saba tangu salfa itiwe, Shemeji aliingia maabara wakati Dada amemaliza kuonja tangi la sita na kutema. Akavuta kigoda na kukaa mbele yake.

"Yupo?"

"Yupo kidogo. Nadhani."

"Niambie alivyo."

"Nimeshakuambia."

"Niambie tena. Polepole."

Dada akafikiri. Matone alikuwa ameshika kalamu, tayari kuandika.

"Kama gunia la nafaka lililokaa stoo yenye giza."

"Gunia lenyewe linanuka vipi?"

"Linanuka..." Dada akasita. "Linanuka panya."

"Huko ndiko tulikotoka. Jaribu kingine."

"Kama biskuti zilizosahaulika kwenye mfuko wa koti. Koti la mvua. Halafu mtu akalivaa, akatokwa jasho."

Shemeji alifumba macho. Akaonja, akatema, akakaa mdomo wazi kidogo, akisubiri kwa bidii ya mtu anayesikiliza hatua za mgeni barabarani. Dada alimsogelea, akamtazama uso kwa karibu.

"Umeipata biskuti?" akamuuliza.

"Nimepata koti," akasema. "Sijui. Labda nimelitunga mwenyewe. Hebu anza tena, toka mwanzo."

Dada akamjazia bilauri nyingine, akaanza tena.